Kipimajoto Kimoja Hakitoshi Mji Mzima



Wengi wenu mna watoto waliopanga chumba mjini, na wengine mna wazazi huko. Redio ikisema leo Nairobi ni nyuzi 28, hizo ni za kituo cha hali ya hewa, penye nyasi na hewa safi. Katika msimu wa joto wa 2015 hadi 2016, watafiti waliweka vipimajoto Kibera, Mathare na Mukuru, wakalinganisha na kituo cha Dagoretti. Mitaa yote mitatu ilikuwa na joto zaidi kwa nyuzi kadhaa. Si ajabu: mabati, nyumba zimebanana, miti hakuna.

Lakini hata tukijua joto, bado hatujajua nani ataumia. Mjini Chicago, Marekani, Julai 1995, joto lilipita nyuzi 40 za sentigredi, na kwa siku chache watu zaidi ya 700 wakafa. Wengi walikuwa wazee, wengine wakiishi peke yao. Eric Klinenberg, aliyeandika kitabu juu ya mkasa huo mwaka wa 2002, alilinganisha mitaa miwili maskini inayopakana. North Lawndale ilipoteza watu karibu mara kumi kuliko South Lawndale, ukilinganisha na idadi ya wakaaji. Jua lilikuwa lile lile! Ila South Lawndale ilikuwa na maduka na watu barabarani, mzee akatoka na kujipoza dukani. Kule kwingine maduka yalishafungwa, watu wakaogopa kutoka nje.

Basi mpangaji wa mji akitaka kupima hatari, ahesabu pia watu. Nani anaishi peke yake? Nani ni mgonjwa wa kitandani, mjamzito, au ana mtoto mchanga? Maji yako umbali gani, na mtungi ni pesa ngapi? Nani anapikia makaa chumba anacholala? (Hilo la makaa wapangaji husahau kabisa, pengine kwa sababu hawajalala humo.) Ramani huonyesha barabara na mitaro. Nyanya aliye katika chumba kisicho na dirisha haonekani.

Kazi hii kikundi chaweza kuianza. Tundikeni kipimajoto chumbani, mbali na jiko na jua, msome mchana na tena usiku, maana mwili usipopoa usiku huamka umechoka. Cha pili kifungeni kitambaa chenye maji kwenye ncha na mkipepee. Vikikaribiana, hewa imejaa unyevu, jasho halikauki, na hapo hatari ni kubwa hata kama nyuzi si nyingi. Watu wa Mombasa wanalijua hilo.

Tangu Katiba ya 2010, kaunti inatakiwa kuwashirikisha wananchi katika mipango. Mwaka wa 2017 Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo la mpango maalum, na wenyeji wakashiriki. Pelekeni daftari lenu kwenye mkutano wa bajeti, mkiomba miti, bomba la maji, na kivuli sokoni. Andikeni tarehe, saa, na aina ya paa kwa kila chumba.