Je, Wajua? Sukari ya mtoto na mishipa ya moyo wake

Je, wajua kwamba mtoto wa skuli mwenye kisukari, mara nyingi, moyo wake hauna kasoro yoyote? Anapiga mpira viwanja vya Maisara, Unguja, kama wenzake na kifua hakimuumi. Shida wanayoiogopa madaktari ni ya mbele, akishakuwa mtu mzima, ila huanza kujengeka taratibu angali bado anavaa sare.

Je, wajua kwamba kisukari cha watoto wengi hakitokani na halua? Ni kile cha aina ya kwanza: kinga ya mwili inazigeukia chembe za kongosho zinazotengeneza insulini na kuziua. Kwa hiyo mama asijilaumu kwa visheti vya Sikukuu, wala bibi asisemwe kwa kaimati alizomlisha mjukuu Ramadhani nzima.

Je, wajua kwamba zamani suala la moyo kwa watoto hawa halikuwapo kabisa? Hawakuishi kulifikia. Tarehe 11 Januari 1922, mjini Toronto, Kanada, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alichomwa sindano ya insulini, wa kwanza duniani kutibiwa kwayo. Dawa haikuwa safi, ikamdhuru. Wakaisafisha, wakamchoma tena tarehe 23, na safari hii sukari ikashuka kweli. Siku hizo Unguja ilikuwa chini ya Sayyid Khalifa bin Haroub, na mtoto wa Malindi aliyepatwa na ugonjwa huohuo angekunywa maji mtungi kwa mtungi, akakojoa usiku kucha, akakonda mbele ya macho ya wazazi wake hadi akazikwa. Insulini iliwapa watoto hawa utu uzima, na utu uzima ndio uliowaletea habari ya mishipa ya moyo. Ukipenda, uite ugonjwa wa walionusurika.

Je, wajua mshipa wa damu unavyoharibika? Ndani yake umetandazwa utando wa chembe, safu moja tu, laini. Sukari ikikaa juu muda mrefu, utando ule unachokozeka. Lehemu, yaani yale mafuta ya kwenye damu, hupenya chini yake na kuganda humo. Anayekaa Mji Mkongwe nimwambie atazame ukuta wake wa mawe na chokaa: ufa mdogo tu kwenye plasta, unyevu ukishaingia, miaka michache baadaye plasta inavimba na kudondoka vipande. Tofauti ni kwamba fundi wa chokaa anaitwa na anakuja.

Je, wajua kwamba michirizi ya mafuta huonekana kwenye mshipa mkuu wa damu hata kwa watoto wasio na kisukari? Mwaka 1953 madaktari wa Marekani walitoa taarifa ya mioyo 300 ya askari waliouawa vita vya Korea, umri wao wastani miaka 22. Mioyo 77 katika kila 100 ilikuwa na dalili za ugonjwa wa mishipa. Hao walikuwa vijana waliopimwa na kuonekana wazima. Kisukari kinaikuta njia hiyo imeshaanza kuchongwa, chenyewe kinaongeza mwendo tu.

Je, wajua kwamba mishipa ina kumbukumbu? Hili, kwangu mimi, ndilo kubwa kuliko yote. Kuanzia mwaka 1983, Marekani na Kanada, walikusanywa watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza, mdogo wao ana miaka 13. Kundi moja likatibiwa kwa kawaida ya siku zile. La pili likabanwa: sindano nyingi kwa siku au pampu, na kupima sukari kila mara. Mwaka 1993 utafiti ukafungwa na wote wakashauriwa wafuate njia ya kundi la pili. Baada ya hapo sukari za makundi yote mawili zikakaribiana, huwezi kuwatofautisha. Lakini ilipofika 2005, wale waliobanwa mwanzo walikuwa na matukio ya moyo na mishipa pungufu kwa asilimia 42. Miaka ile ya mwanzo, wastani sita na nusu kwa kila mtu, haikusahauliwa. Niseme na upande wa pili: kundi hilohilo lilishukwa na sukari vibaya mara tatu zaidi ya wenzao, na ndiyo sababu daktari hamwambii mzazi ashushe tu.

Je, wajua kwa nini kipimo cha sukari kiitwacho HbA1c husemwa ni cha miezi mitatu? Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, na muda wote huo inabeba sukari iliyoigandia. Ukila vizuri siku mbili kabla ya kliniki, humdanganyi mtu.

Je, wajua kwamba mtoto naye hupimwa presha? Angalau mara moja kwa mwaka. Kuanzia miaka 11 hupimwa lehemu pia, na mkojo wake kutazamwa kama una protini, kwa sababu figo na moyo husimuliana.

Je, wajua kwamba mtoto akizidiwa na sukari, akahema kwa nguvu na pumzi ikinuka kama nanasi lililopitiliza, hatari mojawapo ya moyo huja wakati wa kumtibu? Insulini huisukuma potasiamu kutoka kwenye damu iingie ndani ya chembe. Ikishuka mno, mapigo ya moyo huvurugika. Kwa hiyo muuguzi akirudi kuchukua damu tena na tena, usimgombeze.

Je, wajua kwamba si kila mtoto wa Unguja mwenye ugonjwa wa moyo ana habari na sukari? Wengine wamezaliwa nao, wengine walianza na maumivu ya koo yasiyotibiwa, yakaishia kuharibu vali za moyo. Baadhi yao hupanda boti kwenda Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete.

Je, wajua kwamba umeme nao ni suala la kisukari? Mei 2008 Unguja iliingia gizani karibu mwezi mzima, na kuanzia Disemba 2009 miezi mitatu hivi, kisa hitilafu kwenye njia ya umeme utokao bara kwa waya wa chini ya bahari hadi Fumba. Friji ya kutunzia insulini ikageuka kabati. Mtungi wa udongo uliolowana maji, kivulini penye upepo, hupoza insulini vizuri kuliko watu wanavyodhani. Na mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walionesha kwamba insulini iliyopitishwa kwenye joto kama la kambi ya Dagahaley huko Dadaab, Kenya, nyuzi 25 hadi 37, haikupoteza nguvu yake kwa wiki nne.

Je, wajua kwamba halua ya Wete, Pemba, haimfai mtoto aliyeshukwa na sukari? Ina samli, na mafuta huichelewesha sukari kufika kwenye damu. Nusu glasi ya juisi ya miwa inawahi zaidi. Subiri dakika 15, pima tena.

Je, wajua kwamba wale watoto wanaochupa baharini jioni pale Forodhani, mwenye kisukari anaweza kuwa mmoja wao? Apime kwanza, ale kitu, na ajue kwamba misuli itaendelea kuvuta sukari hata usiku akiwa kitandani. Kaptula iliyolowa haihifadhi kitu, basi pakiti ya glukosi anakaa nayo kaka yake, juu ya ukuta, miguu ikining'inia, akihesabu vichwa vinavyoibuka.