Jibu Moja, Njia Mbili: Jinsi Fomu ya Kompyuta Inavyochagua Ukurasa Unaofuata



Majirani wawili wanaandikishwa siku moja. Mmoja anaulizwa maswali mengi, mwingine machache tu. Baadaye mmoja anapata msaada, mwingine anakosa. Hapo maneno yanaanza: "Wameandika watu wa kabila lao." Pengine lalamiko hilo ni la kweli, na lazima lichunguzwe. Lakini pengine chanzo ni fomu yenyewe. Tukielewa jinsi inavyofanya kazi, tutajua la kuuliza kabla ya kugombana.

Fomu ni njia panda

Fomu ya karatasi huonyesha maswali yote kwa kila mtu. Fomu ya mtandao hufuata jibu lako. Ukibonyeza "Tuma", jibu husafiri hadi kwenye seva, yaani kompyuta inayotunza fomu hiyo. Huko programu hulilinganisha na masharti yaliyowekwa na mtengenezaji: ikiwa jibu ni hili, fungua ukurasa huu, ikiwa ni lile, fungua ule. Kisha seva huiagiza simu ifungue ukurasa uliochaguliwa. Ule mwingine huuoni kabisa.

Katika programu kama KoboToolbox, ambayo mashirika mengi ya misaada huitumia, kazi hiyo hufanyika ndani ya simu ya mwandikishaji, hata pasipo mtandao. Maswali hujitokeza au hufichwa kufuatana na majibu, na majibu hutumwa baadaye mtandao ukipatikana.

Tuchukue swali hili: "Kwa nini mlihama?" Mama aliyepoteza nyumba Bushushu au Nyamukubi, katika mafuriko ya Kalehe ya Mei 2023, atachagua "mafuriko". Aliyekimbia mapigano yalipofika Bukavu Februari 2025 atachagua "vita". Wa kwanza anaweza kupelekwa kwenye maswali ya nyumba na shamba. Wa pili anaweza kuulizwa kama kuna jamaa waliopotea, ili aelekezwe kwa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ambayo hutafuta jamaa pamoja na Msalaba Mwekundu wa Kongo.

Mahali watu wanapopotea

Kwanza, swali lisiloeleweka. Kwetu mashariki, wakimbizi wa ndani wengi hawakai kambini, bali hupokewa na jamaa au familia nyingine. Fomu ikiuliza, "Una makao?", mama anayelala na watoto sebuleni kwa shangazi yake huko Kadutu atajibu "Ndiyo", kwa heshima ya aliyempokea. Hakudanganya, lakini ukurasa wa msaada wa makao hautafunguka.

Pili, jibu moja kwa mahitaji mawili. Mtu amepoteza mtoto na pia hana chakula. Fomu ikiruhusu chaguo moja tu, hitaji la pili halitaandikwa popote.

Tatu, jibu ambalo halikutarajiwa. Wengi wetu hatuna kitambulisho kingine ila kadi ya mpiga kura. Kadi ikipotea njiani, fomu mbaya huishia hapo. Fomu nzuri ina nafasi ya "jibu lingine", nayo humpeleka mtu kwa mhudumu wa kumsikiliza.

Kwa familia

Omba usomewe swali kwa lugha unayoielewa. Usiseme "ndiyo" peke yake. Eleza mnavyoishi: mko wangapi, mnalala wapi, kwa nani. Kabla ya kutuma, omba usomewe majibu yako. Uliza pia ni wapi kosa hurekebishwa. Kuuliza si ujinga.

Na kuna jambo lisilongoja fomu. Aliyebakwa anahitaji kufika hospitali kabla saa 72 hazijapita, ili aanze dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI. Hapa Bukavu, Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, inajulikana kwa kuwahudumia waliobakwa.

Kwa viongozi

Kabla ya uandikishaji, ombeni shirika liwaonyeshe kurasa zote za fomu, si ule wa kwanza tu. Ijaribuni pamoja: mmoja ajibu kama mkimbizi aliyepokewa na jamaa, mwingine kama mwenye nyumba aliyempokea, mwingine kama mzee asiye na kadi. Tazameni kila mmoja anafikishwa wapi. Penye mlango uliofungwa bila sababu, semeni mapema.

Kisha waelezeni watu wote hadharani, waliohama na waliowapokea, kwa nini maswali hayalingani. Lakini msiwafundishe jibu la kutoa. Orodha iliyojaa majibu ya kufundishwa huwanyima wenye shida, na siku ikijulikana, kila jirani atamshuku mwenzake.

Fomu haina kabila, lakini aliyeiandika anaweza kusahau maisha ya watu fulani. Tumkumbushe mapema, kwa upole na kwa pamoja, ili msaada uliokuja kutuponya usitugawanye.