Usaili wa kazi: Kwa nini jina la mwanamke hupunguza alama?

Tuseme kamati ya maji ya kijiji inatafuta fundi wa pampu. Waombaji wawili, mwanamume na mwanamke, wana cheti kimoja na uzoefu sawa. Mjumbe anamuuliza mwanamke: "Pampu ikiharibika usiku, mumeo atakuruhusu kutoka?" Mwanamume haulizwi lolote kuhusu mkewe. Upendeleo umeshaingia.

Je, ni chuki?

Si lazima. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 uliwapa maprofesa 127 wa sayansi ombi la kazi ya kusimamia maabara. Ombi lilikuwa lilelile, ila wengine walipata lenye jina John na wengine lenye jina Jennifer.

John alionekana ana uwezo zaidi na anafaa zaidi kuajiriwa. Alipendekezewa mshahara wa zaidi ya dola 30,000 kwa mwaka, Jennifer dola 26,500 hivi. Maprofesa wanawake walipendelea sawa na wanaume. Tena Jennifer ndiye aliyependwa zaidi kama mtu. Walimpenda, lakini hawakuuamini uwezo wake.

Ndiyo maana kuweka mwanamke mmoja kwenye kamati hakutoshi. Mazoea tuliyokua nayo tunayabeba sote.

Sheria inasemaje?

Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa sababu ya jinsia, ujauzito, hali ya ndoa au majukumu ya familia. Inamlinda hata mtu ambaye bado anaomba kazi. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 nayo inakataza ubaguzi wa jinsia na ujauzito.

Kamati ifanye nini?

- Kubalianeni sifa za kazi na alama zake kabla ya kufungua barua.
- Mnapochuja maombi, mtu mmoja afunike majina na kuweka namba.
- Waulizeni wote maswali yaleyale, kwa mpangilio uleule.
- Kila mjumbe aandike alama zake kabla ya mjadala kuanza.

Kama kazi inahitaji kutoka usiku, waulizeni wote wawili: "Unaweza kufika usiku pampu ikiharibika?" Anayejibu ni mwombaji, si mwenzi wake.

Nawe uliyeomba kazi, ukiulizwa kuhusu ndoa au mimba, andika swali hilo, tarehe na waliokuwepo. Nchini Tanzania, mgogoro wa aina hii hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA.