Habari na Majibu Yake Mtandaoni

Mwitikio wa mtandaoni ni jumla ya yale ambayo watu huyaandika, huyarekodi au huyasambaza kwa simu na kompyuta pindi habari inapotoka. Ndani yake mna maoni yanayoachwa chini ya taarifa, video fupi za kufafanua au kukejeli, picha za vichekesho, alama za kupenda na za hasira, na hata kule kuipeleka habari kwenye kundi la WhatsApp bila kuongeza neno. Zamani kazi hii ilifanywa na barua kwa mhariri, simu za wasikilizaji redioni na mazungumzo ya barazani. Siku hizi majibu huja ndani ya dakika chache, huwafikia watu wasiojuana, na huhesabiwa. Kwa sababu ya hesabu hiyo, wanasiasa, waajiri na kampuni huyafuatilia kwa makini. Lakini asiyejua hesabu imepatikanaje anaweza kupotoka.

Nani hupanga kinachoonekana

Mtu anapofungua mtandao wa kijamii haoni kila kilichoandikwa. Programu humchagulia, na huchagua kwa kukadiria ni kipi kitamfanya abaki, ajibu au asambaze. Facebook iliweka kitufe cha kupenda mwaka 2009, na mwaka 2016 ikaongeza alama nyingine, zikiwemo za kicheko, huzuni na hasira. Nyaraka za ndani zilizotolewa mwaka 2021 na Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni hiyo, zilionyesha kwamba kuanzia 2017 kila moja ya alama hizo mpya ilipewa uzito mara tano ya ule wa kupenda. Matokeo yake, habari iliyoudhi watu wengi ilisukumwa mbele ya wengi zaidi. Uzito huo ulipunguzwa baadaye, na mwaka 2020 alama ya hasira ikaondolewa kabisa katika hesabu.

Upande wa binadamu nao una mchango wake. Mwaka 2018 watafiti watatu wa chuo cha MIT nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuchunguza habari zipatazo 126,000 zilizosambazwa Twitter (sasa X) kati ya 2006 na 2017. Habari za uongo zilikuwa na uwezekano wa kusambazwa tena uliozidi ule wa habari za kweli kwa asilimia 70. Programu zinazojiendesha hazikuwa chanzo kikuu cha tofauti hiyo, kwa kuwa wasambazaji wakubwa walikuwa watu wenyewe. Uongo huwa na jambo jipya la kushangaza, na mwenye jambo jipya hupenda kuwa wa kwanza kulisema.

Siasa: kodi ndiyo huamsha wengi

Katika Afrika Mashariki, habari chache huamsha watu kama habari za kodi, hasa kodi ambayo mtu anaweza kujipigia hesabu papo hapo. Tarehe 15 Julai 2021 Tanzania ilianza kutoza tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala. Wateja walipiga picha za ujumbe wa makato na kuzituma mitandaoni, kila mmoja na kiasi chake. Malalamiko hayo hayakuhitaji mtaalamu wa uchumi kuyafafanua. Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza suala hilo liangaliwe upya, na kabla ya Septemba serikali ilitangaza kupunguza tozo kwa asilimia 30. Punguzo jingine lilifuata mwaka 2022.

Nchini Kenya, Mswada wa Fedha wa 2024 ulikwenda mbali zaidi. Ulipendekeza, miongoni mwa mengine, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwa mkate na kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kwa mwaka. Vijana waliufafanua kifungu kwa kifungu kwenye TikTok na X, baadhi yao kwa lugha za nyumbani. Wengine walitengeneza programu ya akili unde iliyojibu maswali kuhusu mswada huo. Namba za simu za wabunge zilisambazwa, nao wakafurikiwa na ujumbe. Rais William Ruto alibandikwa jina la Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Biblia.

Maandamano yalianza Nairobi tarehe 18 Juni, na siku hiyohiyo kodi ya mkate na ya magari ziliondolewa. Tarehe 25 Juni wabunge 195 waliupitisha mswada dhidi ya 106 walioupinga. Waandamanaji waliingia ndani ya majengo ya Bunge na watu kadhaa wakauawa kwa risasi. Kesho yake Rais alitangaza kwamba hatautia saini. Tarehe 5 Julai alikaa kwenye mjadala wa sauti wa mtandao wa X kujibu maswali ya vijana, na tarehe 11 Julai akalivunja baraza lake la mawaziri.

Kisa cha Tanzania na cha Kenya vinatofautiana kwa ukubwa, na cha Kenya kiligharimu maisha ya watu, ila vinafanana katika jambo moja. Kila kimoja kilihusu uamuzi ambao bado ungeweza kurekebishwa, na aliyekuwa na mamlaka ya kuurekebisha alijulikana. Tozo iliwekwa kwa viwango ambavyo serikali ingeweza kuvishusha, na mswada ulikuwa unasubiri saini ya mtu mmoja. Hasira isiyokuwa na mlango wa namna hiyo huvuma siku mbili tatu kisha ikafunikwa na habari nyingine.

Kazi: wasafishaji wa mitandao

Habari za ajira huamsha hisia za aina nyingine, kwa sababu anayelalamika hadharani anaweza kupoteza kibarua chake. Mfano mzuri ni wa wale wanaoisafisha mitandao yenyewe. Jijini Nairobi, kampuni ya Sama iliajiri vijana wa kupitia maudhui ya Facebook na kuondoa picha na video za mauaji, ubakaji na ukatili. Mwaka 2022 jarida la Marekani la Time lilichapisha habari za mishahara yao midogo na madhara ya kazi hiyo kwa afya ya akili, na Daniel Motaung kutoka Afrika Kusini, aliyefukuzwa kazi Sama, akafungua kesi. Mapema mwaka 2023 jarida hilohilo liliandika kwamba wafanyakazi wa Sama walioandaa data za kampuni ya akili unde ya OpenAI walikuwa wakilipwa chini ya dola mbili kwa saa.

Habari hizo zilienea duniani, lakini kuenea peke yake hakukubadili mkataba wa mtu. Hatua zilizofuata zilichukuliwa nje ya mitandao. Tarehe 1 Mei 2023 wafanyakazi zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikaamua kwamba Meta, kampuni mama ya Facebook, inaweza kushtakiwa nchini humo.

Teknolojia: mteja anayeweza kuhama

Katika habari za teknolojia, mwitikio hupata nguvu mteja anapokuwa na pa kwenda. Januari 2021 WhatsApp iliwataka watumiaji wakubali masharti mapya ya faragha kabla ya tarehe 8 Februari. Zogo lilizuka, na mamilioni ya watu wakapakua Signal na Telegram. Kampuni ilisogeza tarehe hadi 15 Mei na kutumia muda huo kueleza kwamba ujumbe binafsi hausomwi. Sehemu ya zogo hilo ilitokana na tafsiri zisizo sahihi, lakini uwezekano wa wateja kuhama ulitosha kuilazimisha kampuni ijieleze.

Pale ambapo mteja hana pa kuhamia, macho huelekea kwa serikali. Mwanzoni mwa Aprili 2021 bei za vifurushi vya intaneti zilibadilika nchini Tanzania, malalamiko yakajaa mitandaoni, na serikali ikasitisha mabadiliko hayo.

Serikali na sheria

Serikali nazo zina majibu yake. Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila mtumiaji wa mitandao ya kijamii Julai 2018. Wengi waliikwepa kwa kutumia VPN, yaani programu za kuficha njia ya mawasiliano, na mwaka 2021 ikabadilishwa kuwa kodi ya asilimia 12 kwenye data. Januari mwaka huohuo, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini humo na Facebook ikafungiwa. Sheria za makosa ya mtandao zipo pia: ya Tanzania ni ya 2015, ya Kenya ya 2018. Mahakama wakati mwingine huzipunguza makali, kama ilivyofanya Mahakama ya Katiba ya Uganda Januari 2023 ilipobatilisha kifungu cha mawasiliano ya kuudhi kwa kuwa maneno yake hayakuwa bayana.

Jinsi ya kuyapima majibu

Wingi wa majibu haulingani na wingi wa watu. Asiye na simu janja hayumo, aliyeishiwa bando hayumo, na wapo wanaokaa kimya kwa kuogopa matusi, hasa wanawake. Tena baadhi ya kelele hununuliwa. Ripoti ya Mozilla ya mwaka 2021 ilieleza jinsi vijana wa Kenya walivyolipwa kuvumisha mada Twitter wakiwashambulia majaji na wanaharakati waliopinga mpango wa kubadili katiba uliojulikana kama BBI. Dalili ya kelele ya namna hiyo ni maneno yaleyale kutoka akaunti nyingi ndani ya muda mfupi.

Anayetaka kujua uzito wa mwitikio hutazama mambo manne. Kwanza, chanzo cha habari: je, waraka, sheria au tangazo lenyewe lipo na limesomwa? Pili, sura ya majibu: je, watu wanasimulia yaliyowapata, au wanarudia sentensi moja? Tatu, upana wake: je, jambo linazungumzwa pia redioni, sokoni na kwenye nyumba za ibada? Nne, mlango wake: je, kuna uamuzi ambao bado unaweza kubadilishwa, na nani ana mamlaka hayo? Majibu yanayopita vipimo vyote vinne huwa ni habari kamili yenyewe. Yanayoshindwa katika kipimo cha kwanza hayafai kusambazwa hata na anayeyakubali.