Programu ya kupima uvimbe wa ini: mtaji uanzie wapi Morogoro?

Wenye mitaji midogo mjini Morogoro wanaotaka kutoka kidogo kwenye mahindi na viungo vya Uluguru huvutwa na biashara ya vipimo vya hospitali. Kabla ya kufungua pochi, kuna bidhaa moja inayofaa kueleweka: programu ya kompyuta inayoonyesha kama uvimbe wa saratani ya ini umeungua wote.

Matibabu yenyewe si ya kupasua. Daktari hupitisha sindano ndefu ngozini hadi ndani ya uvimbe, akiongozwa na ultrasaundi au CT, kisha mawimbi ya redio au maikrowevu hupasha moto ncha yake. Joto likivuka nyuzi 60, seli hufa mara moja.

Kazi ngumu iko pembezoni. Chembe za saratani hujificha nje kidogo ya uvimbe, hivyo hutakiwa angalau milimita 5 za ini zima ziungue kila upande. Uvimbe wa sentimita 3 kwa hiyo hudai mpira wa moto wa sentimita 4, na ujazo wake ni zaidi ya mara mbili ya uvimbe wenyewe. Mshipa mkubwa wa damu ukipita jirani hupoza upande huo, kama maji ya rejeta yanavyopoza injini ya lori.

Mahali pengi daktari huweka picha ya kabla na ya baada bega kwa bega na kukadiria kwa macho. Lakini ini husogea kwa pumzi, na nyama iliyoungua husinyaa. Programu huchora mpaka wa uvimbe kwenye picha ya kwanza, huulaza juu ya picha ya pili, na kuonyesha upande ambao moto haukutosha. Mgonjwa akiwa bado kitandani, daktari huongeza moto hapo hapo. Hicho ndicho kinachouzwa: kupunguza hatari ya uvimbe kuota tena. Picha zikilazwa vibaya, hata hivyo, programu itatoa jibu la kupendeza lisilo la kweli.

Ipo programu ya bure, 3D Slicer, lakini ni ya utafiti. Haijaidhinishwa kwa tiba. Vifaa vya tiba nchini husimamiwa na TMDA, na mashine za mionzi kama CT huhitaji leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki.

Je, Morogoro ina wateja? Wataalamu wa tiba za namna hii wamekuwa wakifundishwa Muhimbili, Dar es Salaam, na tangu Juni 2024 treni ya SGR imesogeza Muhimbili karibu. Nauli ya kawaida ilianza kwa Sh. 13,000. Kikwazo ni ukubwa wa uvimbe. Tiba hii hufaa zaidi usiozidi sentimita 3, na uvimbe wa namna hiyo hauumi. Mgonjwa wa Kinole au Matombo anayesubiri tumbo livimbe atakuwa amechelewa, hata programu iwe nzuri kiasi gani.

Kwa mtaji mdogo, basi, ultrasaundi yenye mtaalamu anayejua kuisoma ina maana zaidi. Wenye makovu ya ini hushauriwa kupimwa kila miezi 6, na chanjo ya homa ya ini B iliingia katika chanjo za watoto mwaka 2002 tu. Waliozaliwa kabla yake wengi hawakuipata.

Mwenye mahindi ghalani naye ana sehemu yake. Sumukuvu, inayoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu, ni chanzo kimojawapo cha saratani ya ini. Mwaka 2016 iliua watu 20 Dodoma na Manyara. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania kwa sababu hiyo hiyo, na ilipofungua tena ilidai cheti cha kutozidi sehemu 10 kwa bilioni. Kiwango cha unyevu Afrika Mashariki ni asilimia 13.5, na kipimo chake cha mkononi hupimia gunia papo hapo, kabla halijapakiwa.