Kihamba Chenye Magurudumu

Desemba iliyopita jumuiya ya shangazi yangu kule Machame ilinichangia shilingi 86,000. Binamu mmoja alikuwa ameona picha yangu nimekaa kwenye ngazi ya trela, nyuma kuna kamba ya nguo, mbele kuna beseni, akamwonyesha shangazi. Ibada ilipofika kwenye maombi ya wenye shida, shangazi akasimama akaeleza kwamba mtoto wa kaka yake na mumewe wanalala kwenye gari huko Marekani, na kwamba wana watoto watatu wenye kazi na nyumba zao lakini hakuna hata mmoja aliyewafungulia mlango. Akina mama wakalia, wakachanga. Nilipigiwa simu niulizwe hela ipite njia gani. Wakati huo nilikuwa jikoni kwa kanisa moja dogo karibu na Rockport, Texas, nakata vitunguu vya watu 30, machozi yananichuruzika. Shangazi aliyaona machozi hayo kwenye simu, akapata ushahidi aliokuwa akiutafuta.

Nimemweleza mara nne. Kila mara ananisikiliza kama anayesikiliza mgonjwa wa homa kali, kisha anasema, "Pole mwanangu, Mungu anaona." Basi naandika.

Hatukufukuzwa na mtu. Mume wangu aliendesha malori ya masafa marefu miaka 21, mimi nilihudumia wazee kwenye makao ya kulelea wazee miaka 17, na mwaka 2018 tukauza nyumba yetu Columbus, Ohio, kwa hiari yetu, tukanunua trela ya futi 32 inayokaa juu ya mgongo wa pikapu. Tangu hapo ndimo tunamolala, mwaka mzima. Majira ya baridi tunashuka kusini tukajitolee kazi makanisani, na majira ya joto tunapanda kaskazini kwa watoto na wajukuu.

Najua shangazi anakwama wapi. Kwetu mtu ni kihamba. Migomba, kahawa, makaburi ya babu na bibi nyuma ya nyumba, masale yamesimama mpakani. Unaweza ukaishi Dar miaka 40, ukajenga ghorofa Mbezi, lakini Desemba ikifika unapanda basi ukaonekane kihambani, na usipoonekana watu huuliza kama unaumwa au umefilisika. Mtu wa namna hiyo umwambie umenunua nyumba yenye matairi! Mimi isale langu ninalo, kwenye sufuria iliyotoboka, pembeni mwa ngazi. Huku huuzwa dukani kama pambo la sebuleni. Jirani akiniuliza namwambia huo ndio mpaka wa shamba langu, anacheka, nami nacheka, ingawa sitanii sana.

Filamu ya *Nomadland* ilipochukua Oscar ya filamu bora mwaka 2021, hata waliokuwa wameanza kunielewa walirudi nyuma. Ni filamu nzuri na hadithi yake si uongo. Wapo walioingia barabarani kwa sababu kodi ya nyumba iliwashinda, nimewapikia na kula nao. Ila watu wakishaona filamu moja wanadhani wameona barabara nzima.

Wenyeji wa maisha haya wana desturi zao, na desturi ya kwanza niliyokutana nayo iliniudhi. Jioni ya siku ya pili tangu tuhame, mama mmoja wa trela ya jirani alikuja akasimama mbali kidogo, akatukaribisha kwake saa kumi na moja. Kisha akaongeza: njooni na viti vyenu, na vikombe. Nilimgeukia mume wangu nikamwambia kwa Kiswahili kwamba sijawahi kualikwa na mchoyo wa waziwazi namna hii. Kwetu mgeni akija na kiti chake ni matusi, maana yake hukuwa na cha kumkalisha. Nilikwenda na uso wa Ijumaa Kuu. Nikakuta watu 14 wamekaa duara nje, chini ya turubai la mlango, kila mmoja na kiti cha kukunja, na katikati chakula cha kila aina. Hapo ndipo nilipoelewa hesabu yake. Nani ana viti 14 ndani ya nyumba ya futi 32? Ukija na kiti chako, hata mwenye kijitrela kidogo kuliko vyote anaweza kualika kambi nzima. Umaskini wa nafasi haumzuii mtu kuwa mwenyeji. Siku hizi naenda na mtori, kwa ndizi mbichi za duka la Wameksiko, na sufuria hurudi tupu.

Ndani ya trela ya mtu huingii. Hodi unapiga, lakini mazungumzo ni nje, hata kama mmejuana miaka mitano. Shangazi akisikia hili atasema Wazungu ni wale wale. Lakini mlango ukifunguka tu, kitanda cha mtu kinaonekana, na vyombo alivyolala bila kuviosha. Heshima kwao ni kutotazama. Vilevile hukatizi kwenye eneo la mtu, hata kama bafu liko upande wa pili na unazunguka mwendo wa dakika tano. Na hakuna anayekuuliza ulikuwa nani kazini. Nilikaa na mzee mmoja misimu mitatu tukipaka rangi pamoja, nikaja kugundua kwa bahati kwamba alikuwa daktari wa upasuaji. Yeye alinijua kama mama wa mtori.

Kuna ibada moja ambayo ningeweza kuiandikia kitabu, nayo ni kuwasili. Ukiona trela inaingia kambini, usiende kuisalimu. Hapana. Unabaki kwenye kiti chako unajifanya unasoma. Mtu anayepaki trela akisemeshwa husahau kitu, na kitu chenyewe kinaweza kuwa kigingi cha tairi. Mimi ni utingo wa mume wangu. Nashuka, nazunguka, nakagua tawi la mti juu na bomba la maji chini, kisha nasimama nyuma upande wa dereva mahali ninapouona uso wake kwenye kioo, kwa sababu nisipokiona kioo chake yeye hanioni mimi. Halafu naanza: "Njoo, njoo, kata kulia, kata yote, nyoosha... hapo!" Kambi nzima imeshaacha kusoma. Hawajui neno moja la Kiswahili, lakini nimewahi kumsikia mama mmoja wa Iowa akimwambia mumewe, "Kata, kata!" Baada ya hapo vigingi kwenye matairi, mbao chini ya upande ulioinama, miguu inashuka, umeme, maji, na ukuta unasukumwa nje kama droo mpaka sebule inapatikana. Mwenye nyumba akitoka na kiti chake akakaa, hiyo ndiyo ishara. Sasa jirani anaruhusiwa kuja. Anakuja na mkate wa ndizi.

Tangi la maji ya choo lina sheria zake, na nawahurumia wasomaji. Itoshe kujua kwamba la choo hufunguliwa kwanza, la sinki baadaye, ili maji ya sabuni yasafishe mpira.

Shangazi aliuliza pia, kwa uchungu, kama tuna anwani. Tunayo. Iko Livingston, Texas, mji ambao hatujalala hata usiku 20. Pale ndipo makao makuu ya chama cha Escapees, kilichoanzishwa mwaka 1978 na mtu na mkewe, Joe na Kay Peterson, waliokuwa wakiishi kwenye trela. Kinapokea barua za wanachama na kuwatumia popote walipo, na wenyewe wakikutana hukumbatiana badala ya kupeana mikono. Lakini kilichonivuta ni kituo chao cha wazee. Aliyeshindwa kuendesha, au anayeuguza mwenzake, anapaki hapo, anapikiwa, anaangaliwa, na usiku analala kwenye kitanda chake kile kile. Miaka 17 nimewaogesha wazee waliohamishwa na watoto wao wakiwa na sanduku moja na picha tatu za ukutani. Kilio chao kikubwa kilikuwa kitanda. Sikumsikia hata mmoja akililia nyumba.

Sasa kazi ya kanisa. Kule Kilimanjaro tuna msaragambo: ngoma inalia, kila kaya inatoa mtu, mfereji unazibuliwa. Huku nilidhani hakuna, mpaka tulipokutana na NOMADS, kundi la Wamethodisti lililoanza mwaka 1988, watu wenye trela wanaokwenda kutengeneza makanisa, vituo vya watoto na nyumba za waliopigwa na maafa. Mimi ni Mlutheri wa Machame lakini hawakuniuliza. Mradi kwa kawaida ni wiki tatu, Jumatatu hadi Alhamisi. Mwenyeji anatoa mahali pa kupaki, umeme na maji. Mafuta ya gari ni juu yako. Asubuhi kuna ibada fupi, kila siku na zamu ya mtu mwingine, halafu nyundo.

Kimbunga Harvey kiliingia pwani karibu na Rockport usiku wa tarehe 25 Agosti 2017. Sisi tulifika mara ya kwanza mwaka 2019, na bado kulikuwa na nyumba zilizoezekwa turubai la bluu. Nilijifunza kufunga jipsamu nikiwa na miaka 62. Kazi ya kwanza ilikuwa chumba cha bibi mmoja mjane. Skrubu zangu zilikuwa zimejipanga kama meno ya mtoto, na fundi wetu, kipofu wa jicho moja, akasema rangi itayafunika. Bibi yule alitupikia maharage kila siku kwenye jiko la gesi lililowekwa barazani. Siku ya mwisho aliingia chumbani, akaupapasa ukuta kwa kiganja kutoka mlangoni hadi dirishani, taratibu, akatoka bila kusema neno. Hatukuagana naye. Huku hakuna kwaheri. Wanasema tutaonana barabarani, na wanaondoka alfajiri kabla chai haijachemka. Hiyo nayo iliniuma mwaka wa kwanza. Kwetu mgeni husindikizwa mpaka njia panda.

Kwa watoto tunapaki mlangoni kwao. Hapa ndipo hasa shangazi anaponikosea. Anadhani wamekataa kutupokea, wakati sisi ndio tuliokataa chumba cha wageni. Tunachomeka ekstensheni kwenye gereji, umeme mdogo, ukiwasha kiyoyozi na birika pamoja swichi inaruka. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu mjukuu wangu wa Minneapolis anavuka nyasi na kandambili za baba yake, anagonga, anasema "Hodi bibi" kwa lafudhi yake ya barafu, anakula andazi moja na nusu, anarudi kujiandaa kwa shule. Ndani ya nyumba yao asingeamka. Mkwe wangu anatembea na gauni lake la kulalia bila kuogopa kukutana na mama mkwe koridoni. Mgeni siku ya tatu hupewa jembe, na mume wangu jembe lake hulikuta kwenye friji, orodha ya bomba, bawaba na feni vilivyomsubiri mwaka mzima.

Kwa kijana wetu anayeishi viungani mwa Dallas tulikaa usiku mbili tu. Siku ya tatu ikaja barua ya chama cha wenye nyumba wa mtaa: trela inaharibu sura ya mtaa, iondoke ndani ya saa 24. Kijana alitaka kupigana. Nilimwambia aache, tukahamia uwanja wa trela uliokuwa maili 18 kutoka kwake, tukawa tunakutana kama watu waliopangiana miadi.

Nalalamika, ndiyo. Tangu korona mambo yamebadilika. Mwaka 2021 viwanda vya Marekani vilitoa nyumba hizi zaidi ya 600,000, idadi ambayo haijawahi kuonekana, na viwanja vikajaa. Nafasi uliyokuwa ukipata kwa kupunga mkono getini sasa unaitafuta kwenye programu ya simu miezi sita kabla. Vijana wanaofanya kazi kwa kompyuta wanaingia usiku, wanajifungia, wanatoka Jumapili. Nawaelewa, wana mikutano. Lakini jioni saa kumi na moja duara letu lina viti vitano, na viwili kati yake vinatazama antena.

Na wazee wanatundika funguo, ndivyo wanavyosema mtu akiacha barabara. Fundi wetu wa jicho moja alitundika zake Machi mwaka huu. Alhamisi ya mwisho alimwita mume wangu, akampa mbao zake nne za kusawazishia trela, za mti wa mesquite, nzito kama jiwe la kusagia. Pembeni mwa kila moja alikuwa amechonga kwa kisu miaka aliyoitumia, tangu 1996. Mume wangu alizibeba mbili mbili. Usiku ule hakula.

Zile shilingi 86,000 niliomba wanunue viti vya plastiki vya jumuiya, na wamenunua. Wiki iliyopita shangazi alipiga tena. Nilijiandaa kueleza mara ya tano, lakini hakuuliza habari za nyumba. Aliuliza lile isale nililomwonyesha hukaa wapi gari likitembea.

"Bafuni, shangazi. Ndani ya beseni la kuogea, lisianguke."

Alinyamaza kidogo.

"Na maji linapata?"