Mavazi ya nyota wa dansi: Zaidi ya kumetameta

MTU anayetazama kwa mara ya kwanza mashindano ya dansi ya watu mashuhuri katika televisheni huweza kudhani kuwa mavazi ni pambo tu, mfano wa maua juu ya meza. Sisi tuliokwisha kuyafuatilia mashindano hayo kwa miaka mingi tunajua kwamba gauni au suti huweza kumsitiri mshiriki ambaye miguu yake ni mizito, na huweza pia kumponza.

Mashindano yenyewe yalianza Uingereza Mei 2004, pale BBC ilipofufua kipindi chake cha kale cha Come Dancing na kukipa jina la Strictly Come Dancing. Juni 2005 kituo cha ABC cha Marekani kilianzisha Dancing with the Stars kwa mtindo huo huo. Mwigizaji, mwanamichezo au mwanasiasa asiyejua dansi huunganishwa na mcheza dansi wa kulipwa. Majaji hutoa alama, watazamaji hupiga kura, na kila wiki jozi moja huaga.

Ni kwenye kura ndipo mavazi yanapofanya kazi. Jaji hutazama unyayo na goti. Mtazamaji aliyeketi sebuleni, ambaye hajawahi kufundishwa dansi, hutazama umbo lote kwa pamoja, na umbo hilo ni kazi ya fundi cherehani kama lilivyo kazi ya mwalimu.

Kila dansi ina desturi yake. Katika walzi, gauni huwa refu na jepesi, lenye upindo mpana unaofuata mzunguko kwa kuchelewa kidogo, hata hatua iliyokatika ikaonekana kama imeendelea. Paso doble huigiza uwanja wa kupigana na fahali: mwanamume ndiye mpiganaji, na sketi pana ya mwanamke huwa kile kitambaa cha kumchokoza mnyama. Rumba nayo huchezwa kwa gauni lililopasuliwa hadi pajani ili nyonga na mguu vionekane. Msomaji aliyezoea rumba ya Franco na wenzake wa Kinshasa asishangae kuiona rumba hii imetulia mno. Zote mbili zina nasaba na Kuba, lakini kila moja ilikulia kwake.

Gauni hilo, hata linapoonekana kama linataka kudondoka, hujengwa juu ya vazi la ndani linalobana mwili kama la kuogelea. Sehemu nyingi zinazodhaniwa kuwa ngozi tupu ni kitambaa chembamba chenye rangi ya ngozi ya mvaaji, na juu yake hubandikwa vito bandia kimoja kimoja. Kwa wanaume, koti la mkia hukatwa kwa hesabu ya mikono iliyoinuliwa, kwa sababu koti la kawaida hupanda hadi masikioni pindi mtu anapomshika mwenzake. Viatu huwa na soli ya ngozi yenye manyoya laini, ili mguu uteleze pasipo kuanguka.

Aliyevipuuza viatu hivyo ni mwanamuziki Master P, aliyeingia katika mashindano ya Marekani mwaka 2006 badala ya mwanawe Romeo. Alicheza kwa raba za michezo. Paso doble yake ilipata alama 8 kati ya 30, na safari ikaishia hapo. Wapo waliomcheka kwa ajili ya hatua zake, lakini kwa maoni yangu raba zilisema mengi zaidi: zilitangaza kuwa mwenyewe hajaamua kucheza.

Kelly Monaco alikuwa kinyume chake. Wiki ya kwanza ya mwaka 2005 alipewa alama 13 kati ya 30. Baadaye kamba ya gauni lake ilimfungukia mbele ya kamera, akaendelea kucheza hadi mwisho, na ndiye aliyetwaa ushindi wa kwanza wa Marekani akiwa na Alec Mazo. Kwa upande wa wanaume, sijaona vazi lililomfaa mtu kama suti ya njano ya dereva wa magari ya mashindano Helio Castroneves, bingwa wa mwaka 2007. Mwingine angefanana na ndizi. Yeye, kwa tabasamu lile, alifanana na mtu anayefurahia kazi yake.

Kuna jambo moja linalonikera. Wazee na wanene huvishwa ili wachekwe. Mwaka 2010 mwanasiasa Ann Widdecombe alishushwa kutoka juu kwa waya, na ukumbi ukavunjika mbavu. Ni kweli kwamba alijua anachokifanya, na watazamaji walimbakiza kwa wiki nyingi kuliko waliomzidi kwa hatua. Lakini kijana anapokosea hushonewa gauni la kuficha kosa. Mzee hushonewa la kulikuza. Kwamba hilo si lazima, alithibitisha mchekeshaji Bill Bailey mwaka 2020. Alikuwa na umri wa miaka 55, na kazi yake ni kuchekesha watu, lakini alifunzwa na Oti Mabuse wa Afrika Kusini kama mcheza dansi kamili, na akashinda.

Miaka minne baadaye, 2024, ushindi wa Uingereza ulikwenda kwa Chris McCausland, mchekeshaji asiyeona, na mwenzake Dianne Buswell. Hakuwahi kuyaona mavazi aliyovishwa wala kioo alichopambiwa mbele yake. Kwake vazi lilikuwa uzito begani, kitambaa kilichobana au kulegea, na sauti ya upindo wa gauni la Dianne unapopita karibu. Mng'aro wote uliobaki ulikuwa wetu sisi tuliokuwa tukitazama.